Breka ya Uvujaji Inayojikata Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kuifunga Kwenye Nyumba ya Zamani

Mambo huenda hivi. Mwenye nyumba anasikia habari za breka ya uvujaji, inayokata umeme unapovuja nje ya njia yake, ile pana yenye kitufe cha T na herufi RCCB usoni. Anainunua, anaita fundi, inafungwa asubuhi. Adhuhuri imeshajikata mara nne. Jioni fundi anarudi, anapitisha nyaya pembeni yake, umeme unakaa na wapangaji wanashukuru. Breka imebaki ndani ya boksi kama pambo.

Nimelikuta hilo Magomeni, Ilala, Tanga mjini, na bado watu wananiuliza swali lile lile. Breka yenyewe karibu kila mara huwa nzima. Inachokilalamikia kimo ndani ya nyumba miaka yote, na kabla haijafungwa hapakuwa na kitu cha kukisema.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya fezi moja ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, volti 230: vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, bati juu na nyaya zimelala kwenye kenchi. Ukifuata hatua kwa mpangilio wake, breka itakaa. Ukianza na hatua ya 7, ya kufunga breka yenyewe, kama wengi wanavyofanya, utarudi ulikotoka.

Kazi yako na kazi ya fundi

Kukagua, kuandika, kuchomoa vyombo, kununua vifaa na kusimamia ni kazi yako. Kufungua boksi la breka, kupima na kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Mwombe akuonyeshe leseni kabla hamjapatana bei; fundi wa kweli hakasiriki akiombwa.

Mita ya LUKU (ya kulipia umeme kabla) na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO. Lakiri ya mita haikatwi na wewe wala fundi wako. Kama waya wa nguzo umechubuka au mita inatoa cheche, toa taarifa kwao na usubiri.

Vifaa vya kuandaa

- Breka ya uvujaji ya nguzo mbili, yaani inayokata nyaya zote mbili za umeme, ampia 40 au 63, miliampia 30. Isome usoni kabla ya kulipa. Za miliampia 100 na 300 zipo madukani, zina kazi zake, lakini hazimwokoi mtu.
- Breka ndogo za ampia 6, 10, 16, 20 na 25, kulingana na saketi zako, yaani njia za umeme zinazotoka kwenye boksi.
- Fimbo ya athi (ya kupeleka umeme unaovuja ardhini) iliyopakwa shaba, ya mita 1.2 au zaidi, pamoja na klampu yake. Nunua mbili.
- Waya wa athi wa kijani na njano: wa 16 (namba za nyaya ni milimita za mraba) kwa sehemu itakayofukiwa, na wa 2.5 kwa soketi.
- Nyaya za 1.5, 2.5, 4 na 6 kadiri ukaguzi utakavyoonyesha. Usinunue kabla ya hatua ya 1.
- Konekta zenye skrubu, maboksi ya kuungia na paipu za plastiki za kupitishia nyaya.
- Multimita, kipimo cha athi, na kipimo cha ganda la waya ambacho mafundi hukiita mega. Fundi asiye na mega hawezi kazi hii, hata awe hodari vipi kwa mambo mengine.
- Daftari, kalamu ya wino mzito na tepu nyeupe ya kuandikia majina.

Kuhusu nyaya: kwangua ncha kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe pale pale.

## Hatua ya 1: Zunguka nyumba na daftari

Chora ramani ya nyumba kwa mkono, kila chumba na kila soketi, taa na swichi. Kisha waulize wanaoishi humo, maana wao ndio wanaozijua dalili. Friji inatekenya? Taa imezimwa lakini usiku bado inawaka kwa mbali? Kuna soketi ambayo plagi ikichomolewa pini zinaunguza vidole?

Mama yangu alikuwa anavaa ndala kwanza ndipo afungue friji. Alifanya hivyo kwa miezi, akiamini friji zote ziko hivyo, na sisi watoto tukamwiga. Ndiyo maana nasisitiza uulize, usisubiri kuambiwa.

Zima meinswichi, hakikisha kwa njia ya hatua ya 2, kisha fundi afungue soketi moja katika kila chumba. Tazama tundu la athi kwa nyuma. Kwenye nyumba za zamani utakuta jambo ambalo mara ya kwanza linashtua: soketi ya matundu matatu imefungwa vizuri ukutani, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zimekazwa, lakini skrubu ya athi inang'aa kama ilivyotoka dukani. Haijawahi kuguswa na waya. Pini ya tatu ya pasi yako imekuwa ikiingia kwenye tundu tupu.

Umefaulu ukiwa na orodha ya kila soketi isiyo na athi, kila waya uliokauka ganda, na kila kiungo kilichofungwa kwa nailoni.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba umeme haupo

Meinswichi kuzimwa si ushahidi. Nyumba nyingi za zamani zina laivu na nyutro zilizogeuzwa, na nyingine zina fyuzi kwenye nyutro pia. Ile fyuzi ya nyutro ikiungua, taa zinazimika, nyumba inaonekana haina umeme, kumbe laivu bado ipo kwenye kila soketi.

Pima kwa multimita kwa utaratibu huu: kwanza mahali unapojua kuna umeme, kisha mahali pa kazi, kisha rudi pale pa kwanza. Kipimo cha tatu ndicho kinachokuhakikishia kwamba chombo hakikufa katikati. Testa ya bisibisi yenye kitaa isitumike kwa uamuzi huu. Inaweza kuwaka bila sababu na kuzima bila sababu.

Onyo. Nyaya zinazotoka kwenye mita hadi juu ya meinswichi zina umeme muda wote, swichi iwe imezimwa au la. Zifunikwe kwa kitu kisichopitisha umeme kabla mtu hajapeleka mkono ndani ya boksi.

Rangi nazo zisikudanganye. Kwa utaratibu wa zamani laivu ni nyekundu, nyutro nyeusi, athi kijani. Kwa utaratibu wa sasa laivu ni kahawia, nyutro bluu, athi kijani na njano. Nyumba iliyokarabatiwa mara tatu ina zote mbili, pamoja na rangi ya waya wowote uliokuwepo dukani siku hiyo.

## Hatua ya 3: Athi kwanza

Watu wengi huidharau hatua hii kwa sababu taa zinawaka bila athi. Fanya hesabu hii. Tuseme athi yako ina ukinzani wa omu 20, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni nzuri. Laivu ndani ya friji inachubuka na kugusa bodi. Umeme utakaopita ardhini ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampia 11.5. Breka ya ampia 20 haitikisiki. Bodi ya friji inabaki na umeme saa nzima, siku nzima, ikisubiri mtu mwenye miguu mibichi.

Hapo ndipo breka ya uvujaji inapohitajika, na ndiyo sababu breka za kawaida peke yake hazitoshi hata ukiwa na athi nzuri. Breka ya uvujaji inapima umeme unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Ukilingana, inatulia. Ukipishana kwa miliampia 30, inakata kwa chini ya theluthi moja ya sekunde.

Piga fimbo ya athi mahali penye unyevu wa kudumu, kwa mfano upande ambako maji ya paa yanadondokea. Ardhi ya mchanga ya pwani ikikauka haishiki umeme, kwa hiyo nenda chini zaidi, au piga fimbo ya pili umbali usiopungua urefu wa fimbo moja na uziunganishe. Klampu ibaki ndani ya kishimo chenye kifuniko, ionekane, ikazwe tena baada ya mwaka.

Chumvi usiweke. Inashusha kipimo kwa msimu mmoja, mvua inaiosha, na unabaki na klampu iliyoliwa na kutu. Nondo ya ujenzi nayo si fimbo ya athi. Na bomba la maji lisitumike kabisa: siku kipande kimoja cha plastiki kikiungwa huko barabarani, athi imekufa, na bomba la bafuni limebaki limeunganishwa na vyombo vyote vya nyumba.

Umefaulu ikiwa kipimo cha athi kinasoma chini ya omu 50 wakati wa kiangazi. Kwa breka ya miliampia 30 hesabu inaruhusu zaidi ya hapo kwa mbali, lakini athi inayosoma zaidi ya 200 haitulii.

## Hatua ya 4: Pima ganda la kila saketi

Chomoa vyombo vyote. Toa balbu zote kwenye holda. Washa swichi zote za taa ili waya mzima upimwe. Fundi achomoe laivu na nyutro za kila saketi kwenye boksi na kupima kwa mega ya volti 500: laivu na nyutro kwa pamoja dhidi ya athi, kisha laivu dhidi ya nyutro.

Kiwango cha chini ni megaomu 1. Waya mzima husoma zaidi ya 100. Saketi inayosoma 2 au 3 imefaulu kwa jina tu. Iandike, maana masika itashuka.

Multimita haiwezi kufanya kazi hii. Inasukuma volti chache za betri, na ganda lililooza linazivumilia bila shida. Ukija na 230, linavuja.

Hapa ndipo watu huanza kuelewa kwa nini breka yao ilijikata bila mpangilio. Saketi yenye ganda la megaomu 0.05 inavuja miliampia 4 na ushee. Saketi tatu za namna hiyo zinafika 13. Breka nyingi za miliampia 30 huanza kukata uvujaji ukiwa umevuka 15, kwa hiyo nyumba inakaa ukingoni muda wote. Mtu anawasha pasi ya zamani, uvujaji unaongezeka kidogo, breka inajikata, na lawama zinakwenda kwa pasi.

Umefaulu ukiwa na namba ya kila saketi kwenye daftari, na saketi mbovu zimetengwa.

## Hatua ya 5: Tafuta nyutro zilizochanganyika

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayowashinda watu kuliko zote. Ganda la waya linaweza kuwa zima kabisa na breka bado ikajikata kwa sababu ya nyutro.

Kuna makosa mawili, na nyumba ya zamani mara nyingi ina yote mawili.

La kwanza ni nyutro kuungwa na athi. Miaka iliyopita fundi aliona soketi haina athi, mwenye nyumba anataka "athi isome", basi akakata kipande kifupi cha waya na kuunganisha tundu la nyutro na tundu la athi nyuma ya soketi. Testa inasoma vizuri. Lakini nyutro ikikatika popote kabla ya soketi hiyo, bodi ya kila chombo kilichochomekwa hapo inapata volti 230 kamili. Na ukishapiga fimbo yako mpya na kufunga breka ya uvujaji, sehemu ya umeme wa nyutro inarudi kwa njia ya ardhini, hesabu haifungi, breka inakata.

Kipande hicho huwa kifupi kuliko kidole cha mwisho, mara nyingi cheusi, kimejificha chini ya nyaya nyingine. Fungua kila soketi. Usichague.

La pili ni nyutro ya kuazima. Taa ya uani ilihitajika haraka. Laivu ikatoka saketi ya taa za korido, nyutro ikachukuliwa kwenye soketi ya chumba cha karibu. Taa ya korido yenye swichi mbili, moja mlango wa mbele na moja wa nyuma, nayo ni mtuhumiwa wa kudumu. Ukigawa nyumba ili nusu ipite kwenye breka ya uvujaji na nusu isipite, taa kama hiyo inatoka upande mmoja na kurudi upande mwingine. Breka itajikata kila taa ya uani inapowashwa, na utahangaika na holda wakati tatizo liko chumba cha tatu.

Namna ya kuzikamata: umeme ukiwa umezimwa, balbu zimetolewa, laivu zote zimechomolewa, toa nyutro zote kwenye baa yake, yaani kipande cha chuma kinachozikusanya ndani ya boksi, na uzitenganishe. Weka multimita kwenye mlio. Gusa nyutro ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, mpaka kila moja imekutana na kila nyenzake. Kisha gusa kila nyutro na athi. Taa kama ile ya uani, ambayo nyutro yake imetoka saketi nyingine bila kuungana na ya kwake, haitatoa mlio hapa; waya wake wa nyutro ufuatwe kutoka kwenye holda hadi unakotoka. Nyumba iliyo safi haitoi mlio hata mmoja. Kila mlio ni kiungo kilichopo mahali fulani juu ya dari au nyuma ya soketi, na kinatakiwa kupatikana.

Kazi hii inaweza kula siku nzima. Mlipe fundi siku hiyo bila kinyongo, na usikubali akuambie "tutaiona mbele ya safari".

Umefaulu ikiwa kimya kimetawala, na kila nyutro ina tepu yenye jina la saketi yake.

## Hatua ya 6: Badilisha waya, usipandishe breka

Kwa daftari lako, sasa unajua ni nyaya zipi za kung'oa. Anza na zile za darini. Chini ya bati mchana, ganda la plastiki linaokwa kila siku kwa miaka 30. Nimewahi kukunja waya mmoja kwenye kenchi kwa vidole viwili tu, ganda likapasuka na kudondoka kama maganda ya karanga, shaba ikabaki tupu, imekuwa nyeusi, juu ya ubao mkavu.

Joto hilo pia linapunguza uwezo wa waya. Waya wa 2.5 ndani ya paipu unabeba kama ampia 24 kwenye hewa ya nyuzi 30. Kwenye nyuzi 50 unabaki na kama 17. Kwa hiyo kwa nyaya zinazopita darini mimi hufunga hivi:

- Taa, waya wa 1.5: breka ya 6.
- Soketi za vyumba, waya wa 2.5: breka ya 16.
- Hita ya bafuni ya wati 3,500, waya wa 4: breka ya 20. Hita hiyo inakula ampia 15.
- Hita ya wati 5,500, waya wa 6: breka ya 25. Inakula ampia 24.

Breka ndogo ipo kwa ajili ya kulinda waya. Ikijikata kwa sababu wapangaji watatu wamewasha birika mbili na pasi pamoja, imefanya kazi yake. Ampia 9 mara tatu ni 27, zimevuka 16 kwa mbali. Dawa ni kuongeza saketi ya pili kutoka kwenye boksi. Kuweka breka ya 32 kwenye waya ule ule kunahamisha joto kutoka kwenye breka kwenda kwenye kenchi, na kenchi ni mbao.

Viungo vyote viwe ndani ya maboksi, kwa konekta. Kusokota nyaya na kufunga tepu hakukubaliki darini, hata kama kumeshikilia miaka kumi.

Kama fedha haitoshi kwa nyumba nzima, tenganisha: badilisha bafu, jiko na uani kwanza, ambako kuna maji. Saketi mbovu za vyumba zibaki zimezimwa, si zimeunganishwa "kwa muda".

## Hatua ya 7: Funga breka ya uvujaji

Baada ya yote hayo, kazi hii ni ya nusu saa. Mpangilio ni mita, meinswichi, breka ya uvujaji, kisha breka ndogo. Laivu na nyutro zote mbili zipite ndani yake. Tundu lenye herufi N ni la nyutro, usigeuze.

Nyutro za saketi zote zilizo chini ya breka hiyo zikusanyike kwenye baa moja inayotoka kwenye breka, na isiwepo hata moja iliyobaki kwenye baa ya zamani inayotoka moja kwa moja kwenye meinswichi. Baa ya athi ibaki peke yake, isigusane na nyutro mahali popote.

Kaza kila skrubu, vuta kila waya kwa mkono, kisha kaza tena. Skrubu iliyolegea huunguza boksi taratibu, na hakuna breka inayoiona.

## Hatua ya 8: Washa kwa zamu

Breka ndogo zote chini. Washa meinswichi, inua breka ya uvujaji. Ikikaa, inua saketi ya kwanza, subiri dakika, ya pili, na kuendelea. Kisha chomeka vyombo kimoja kimoja.

Ikijikata unapoinua saketi, rudi hatua ya 4 na 5 kwa saketi hiyo tu. Ikijikata unapochomeka chombo, mara nyingi chombo ndicho kibovu. Wahusika wa kawaida ni hita ya maji yenye elementi iliyopasuka, pasi ya zamani, birika na friji yenye hita ya kuyeyusha barafu. Ikijikata mvua inaponyesha tu, panda ukaangalie holda ya uani.

Onyo. Mtu yeyote akipendekeza kukata waya wa athi wa chombo ili breka itulie, mkatalie. Breka itatulia kweli, na bodi ya chombo itabaki na umeme hadi mkono wa kwanza utakaoigusa.

Umefaulu ikiwa nyumba imekaa siku saba, pamoja na usiku wa vyombo vyote kuwashwa, bila breka kujikata.

## Hatua ya 9: Kitufe cha T na karatasi ya mlangoni

Bonyeza kitufe cha T breka ikiwa na umeme. Lazima ikate papo hapo. Rudia kila baada ya miezi 3, maana mitambo ya ndani hukwama kwa vumbi na chumvi ya hewa ya pwani. Isipokata, inabadilishwa siku hiyo hiyo.

Kitufe hicho kinapima breka peke yake. Kinafanya kazi hata kama huna athi kabisa, kwa hiyo kisikutoe kwenye kupima fimbo yako kila kiangazi.

Mwisho, andika kwenye karatasi ngumu jina la kila saketi, ukubwa wa waya wake, breka yake na namba ya mega uliyoipata hatua ya 4. Andika na tarehe. Ibandike ndani ya mlango wa boksi. Fundi atakayefuata, hata kama ni baada ya miaka minane, ataanza na zile namba, na ataona mara moja ni saketi ipi imeshuka.